Siku 128 za ziada: shajara ya mradi wa myumbo wa Dunia

Siku ya 1

Leo nimeufungua mradi ambao nimekaa nao kichwani muda mrefu. Nataka kuchukua kumbukumbu za jinsi Dunia inavyoyumba katika mzunguko wake, kisha nione ni mambo gani ya tumboni mwake naweza kuyafikia mwenyewe kwa kompyuta ya kawaida na hesabu za mkono.

Kianzio ni Leonhard Euler. Mwaka 1765 alionyesha kwamba kitu kigumu kilichobonyea kidogo nchani, kikizunguka huku mhimili wa mzunguko umepishana kidogo na mhimili wa umbo lake, basi mhimili ule wa mzunguko hautatulia: utachora duara ndani ya mwili wa kitu chenyewe. Kwa Dunia, kipindi cha duara hilo kinatoka siku 305 hivi, yaani miezi kumi. Wanaastronomia waliitafuta miezi kumi hiyo kwa zaidi ya karne moja wasiione. Mwaka 1891 Seth Chandler, Mmarekani aliyekuwa akiishi kwa kukokotoa hesabu za bima, akautangaza myumbo wenyewe. Upo, ila una miezi kumi na minne. Kipimo cha siku hizi ni siku 433.

433 ukitoa 305 unabaki na 128. Dunia ingekuwa jabali moja gumu, siku hizo 128 zisingekuwepo. Kila moja kati ya hizo ina mwenyewe mahali fulani chini ya miguu yetu, na mradi huu ni wa kuwatafuta wenyewe hao.

Siku ya 2

Nimepakua faili la C04 la IERS, shirika la kimataifa linaloweka kumbukumbu za mzunguko wa Dunia. Lina mstari mmoja kwa kila siku tangu mwaka 1962. Safu mbili ninazozihitaji kwanza ni x na y: mahali ncha ya mzunguko ilipokuwa siku ile, kwa sekunde za pembe. Sekunde moja ya pembe ni karibu mita 31 juu ya uso wa Dunia, kwa hiyo elfu moja ya sekunde ni sentimita 3 na kidogo. Nitaiita milisekunde ya pembe, kwani itatajwa sana.

Programu fupi, mchoro wa kwanza, na mzunguko wa ncha ukanitokea kinyumenyume. Vitabu vyote vinasema ncha inazunguka kuelekea mashariki, yangu ikawa inakwenda magharibi. Nimepoteza jioni nzima nikitafuta kosa ndani ya programu, kumbe liko kwenye maana ya safu. Mhimili wa x unaelekea upande wa Greenwich, lakini y inaelekea nyuzi 90 magharibi, si mashariki. Ukiunganisha safu hizi mbili kuwa namba changamano, lazima y ibadilishwe alama. Naliandika hapa kwa yeyote atakayeshika faili hili baada yangu, kwa sababu huko mbele, kwenye kiini, mwelekeo wa mzunguko ndio utakaobeba habari yote.

Siku ya 6

Sasa mchoro unapendeza kweli. Ncha inachora mduara, kisha mduara mpana zaidi, na zaidi, halafu inaanza kurudi ndani hadi inakaribia kutulia, kisha inapanuka upya. Kupanuka na kunywea huko kunajirudia kila baada ya miaka 6.4, kwa sababu kuna miyumbo miwili inayopishana: mmoja wa mwaka mmoja, unaosukumwa na hewa, mvua na maji yanayohama kwa misimu, na mwingine wa Chandler. Inapokwenda pamoja mduara unakuwa mpana, inapopingana unasinyaa. Katika miaka yake mikubwa ncha inatangatanga ndani ya eneo la mita kumi na kitu. Dunia nzima, na uwanja wa mchezo wa ncha yake ungeenea kwenye ua wa nyumba.

Uchambuzi wa Fourier, yaani kuutenganisha mwendo kuwa mawimbi ya vipindi mbalimbali, umetoa vilele viwili safi. Cha mwaka kiko pale pale kinapotakiwa. Cha Chandler kiko karibu na 433. Neno "karibu" ndilo linalonisumbua. Kwa kumbukumbu za miaka sitini na kidogo, njia hii haiwezi kutenganisha vipindi viwili vilivyo karibu kuliko siku nane hivi. Na nikitazama mbele katika hesabu zangu, naona kwamba mmoja wa wenyewe ninaowatafuta anadai siku zisizofika kumi. Kwa rula hii sitampata.

Siku ya 11

Nimejaribu kurefusha rula. IERS wana mfululizo mwingine, C01, unaorudi nyuma hadi mwaka 1846. Sehemu yake ya kuaminika inaanza karibu na 1900, na nyuma ya data hiyo kuna historia inayostahili kusimuliwa.

Mwaka 1888 Friedrich Küstner wa Berlin alitangaza kwamba latitudo ya mahali alipopimia ilikuwa inabadilika. Wengi wangedhani ni kosa la chombo au la hewa. Kwa hiyo mwaka 1891 Wajerumani walimtuma mpimaji Honolulu, karibu upande wa pili wa Dunia ukilinganisha na Berlin, apime usiku kwa usiku wakati wenzake Ulaya nao wanapima. Ikiwa ncha kweli inasogea, latitudo ya Berlin ikipanda ile ya Honolulu sharti ishuke kwa kiasi kile kile. Ikawa hivyo hivyo. Kwa ushahidi huo, mwaka 1899 vikaanzishwa vituo sita kwenye mstari mmoja wa latitudo, nyuzi 39 na dakika 8 kaskazini: Mizusawa huko Japani, Tschardjui katika Asia ya Kati, Carloforte Italia, na vitatu Marekani, Gaithersburg, Cincinnati na Ukiah. Kwa kuwa latitudo ni moja, wote walitazama nyota zile zile, na makosa ya orodha ya nyota yakajifuta yenyewe. Ni ubunifu wa gharama ndogo ulioishi miongo mingi.

Nimeuchambua mfululizo wote kwa mpigo, na badala ya kilele kimoja cha Chandler nikapata viwili vilivyosimama bega kwa bega. Nilifurahi kwa dakika chache. Kisha nikachora ukubwa wa myumbo mwaka kwa mwaka, nikaona sababu: katika miaka ya 1920 myumbo wa Chandler ulififia karibu kuisha, na ulipoamka ulikuwa umegeuka awamu, yaani mahali pake katika duara, kwa nusu duara nzima. Hesabu ya Fourier haijui kwamba kulikuwa na kulala na kuamka. Inajaribu kuunganisha kipande cha kabla na cha baada kwa wimbi moja, haiwezi, inabuni mawimbi mawili. Kumbe hata wataalamu waliwahi kubishana kwa miaka mingi iwapo Dunia ina vipindi viwili vya Chandler.

Nimekata data vipande, nikatumia muundo wa myumbo unaofifia na kusukumwa upya bila mpangilio, badala ya wimbi la milele. Vipande vyote viwili vinakubaliana na 433, kwa kupishana siku moja au mbili. Hiyo inanitosha.

Siku ya 15

Leo ndiyo siku ya kugawa siku 128. Nimekaa na karatasi, sikuwasha kompyuta hadi jioni.

Mwenyewe wa kwanza ni unyumbufu. Dunia ingawa ni mwamba, inanyumbuka. Mhimili ukihama, nguvu ya kuzunguka inajaribu kuuhamisha na uvimbe wa ikweta uufuate. Sehemu ya uvimbe inatii papo hapo, nayo sehemu hiyo haichangii tena katika kuuvuta mhimili urudi. Mvuto wa kurudisha ukipungua, myumbo unakwenda polepole. Kiasi cha utii huo hupimwa kwa namba ya Love, iliyopewa jina la Augustus Love. Kwa Dunia hii ni takriban 0.30, na ingekuwa kimiminika kitupu ingekuwa 0.94. Kwa hiyo karibu asilimia 32 ya uvimbe ni mtiifu, iliyobaki ni ngumu. Kipindi cha Euler, 304.4 kwa usahihi, ukikigawa kwa 0.68 unapata siku 447. Simon Newcomb alilishika wazo hili mara tu baada ya tangazo la Chandler: kabla hata ya chombo chochote kuliona tumbo la Dunia, yeye alishasema linanyumbuka, na linanyumbuka kwa ugumu wa kadiri ya chuma.

Lakini 447 imepita 433. Siku zimezidi. Hapa ndipo kiini kinapoingia, na kinaingia kwa kutoa badala ya kuongeza.

Chukua ndoo ya maji, iweke sakafuni, uizungushe ghafla robo mzunguko. Ndoo inageuka, maji yanabaki yametazama yalikokuwa yakitazama. Kiini cha nje cha Dunia ni chuma kilichoyeyuka, na koti, yaani tabaka nene la mwamba lililokizunguka, linapoyumba kwa miezi kumi na minne, kiini hakiyumbi nalo. Kinachoyumba ni koti na ganda peke yake. Mzigo ukiwa mwepesi, myumbo una kasi zaidi. Kiini kina karibu theluthi ya masi yote ya Dunia, ila kwa kuwa kiko karibu na mhimili, mchango wake katika uzito wa kuzungusha, yaani ukinzani wa kitu dhidi ya kuzungushwa, ni asilimia 11 na kidogo tu. Zidisha 447.4 kwa 0.887: siku 397.

Nimeirudia hesabu hii mara tatu kwa furaha. Siku hamsini zimetoweka, na hakuna njia ya kuzitoa isipokuwa kukubali kwamba ndani kuna kitu kinachotiririka. Harold Jeffreys alithibitisha umajimaji wa kiini mwaka 1926 kwa hoja za unyumbufu na mawimbi ya matetemeko. Mimi nimeugusa leo kwa mistari minne ya penseli.

Mwenyewe wa tatu ni bahari. Ncha inapohama, maji nayo yanahama kidogo kuufuata uvimbe mpya, na yanafanya kazi ile ile ya unyumbufu. M. L. Smith na F. A. Dahlen waliandika hesabu kamili mwaka 1981, na sehemu ya bahari kwao ni siku 29.8. Jumla yao: 304.4, ongeza 143.0 za unyumbufu, toa 50.5 za kiini, ongeza 29.8 za bahari. Unapata 426.7.

Siku ya 16

Zimebaki siku sita na kidogo kufikia 433. Smith na Dahlen walitumia kipimo cha 435.2, kwa hiyo wao walibaki na 8.5. Jana nilitamani kuziacha kama makosa ya kukadiria. Nimelala, nimeamka, naona ningefanya dhambi.

Namba za ugumu wa mwamba nilizotumia zinatoka kwenye mawimbi ya matetemeko, yanayotikisa mwamba kwa sekunde na dakika. Myumbo wa Chandler unausukuma mwamba huo huo kwa zaidi ya mwaka. Ukilisukuma koti haraka ni gumu. Ukilisukuma polepole, linalegea kidogo zaidi. Siku zile chache zilizobaki ndizo kipimo cha kulegea huko. Ni vitu vichache sana vinavyolijaribu koti kwa mwendo wa polepole kiasi hicho: mawimbi ya matetemeko yana haraka mno, na kuinuka kwa nchi zilizoachwa na barafu ya kale kunachukua maelfu ya miaka. Katikati ya hapo kuna ncha inayoyumba, na salio dogo la hesabu yangu ya penseli.

Siku ya 19

Kazi fupi. Kuna myumbo mwingine mkubwa, presesheni: mhimili mzima unazunguka angani kama wa pia inayochoka, duara moja kwa miaka karibu 25,770. Kasi yake inatoa uwiano wa 0.0032738 kati ya ubapa wa kuzungusha na uzito wa kuzungusha. Setilaiti zinatoa ubapa wa uga wa mvutano, 0.0010826. Gawa cha pili kwa cha kwanza: 0.3307, kipimo cha jinsi uzito ulivyotandazwa kutoka katikati hadi usoni.

Mpira wenye msongamano sawa kote ungetoa 0.4. Kushuka hadi 0.33 maana yake uzito umekusanyika katikati. Namba mbili, mgawanyo mmoja, na tayari unajua ndani kuna kitu kizito kuliko mwamba. Sina la kuongeza, ila nilitaka iwemo kwenye shajara.

Siku ya 24

Sasa naingia kwenye sehemu niliyoiogopa: nutesheni, yaani kutikisika kidogo kwa mhimili angani, juu ya presesheni, kunakosababishwa na Mwezi na Jua. Kubwa kuliko zote ina miaka 18.6; James Bradley aliitangaza mwaka 1748. Ninazozitaka mimi ni ndogo zaidi, za mwaka mmoja na chini yake, na hupimwa kwa antena za redio zilizotawanyika duniani zikisikiliza kwasa, yaani viini ang'avu vya galaksi, zilizo mbali mno kiasi cha kuonekana hazisogei. Mawimbi yanafika kwenye antena moja kabla ya nyingine, na kutokana na kuchelewa huko mwelekeo wa Dunia unajulikana hadi sehemu ndogo ya milisekunde ya pembe.

Kiini cha kimiminika kilichofungwa ndani ya chumba kilichobonyea kina myumbo wake chenyewe. Ikiwa mhimili wa kiini umepishana na ule wa koti, maji ya chuma yanasukuma kuta zilizobonyea, kuta zinasukuma nayo, na vyote viwili vinazungukana. Ukitazama kutoka angani, mzunguko huo unakwenda kinyume na mzunguko wa Dunia, kwa siku 430 hivi. Kukaribiana kwa 430 na 433 ni sadfa tupu. Miyumbo hii miwili haina undugu.

Safu za dX na dY katika faili lile lile la C04 zinabeba tofauti kati ya nadharia na kipimo. Nikazichambua, na kilele kikatokea upande hasi, ndipo nikalishukuru lile kosa la siku ya 2. Lakini kipindi chake kilikuwa kinacheza. Nikikata data huku napata namba moja, nikikata kule napata nyingine. Ukubwa nao haukai: ulikuwa mzuri mwishoni mwa miaka ya 1980, ukanywea karibu na 2000, ukakua tena. Nimepoteza siku nne nikitafuta njia ya kuulazimisha utulie.

Siku ya 28

Nimeacha kuulazimisha. Myumbo huru wa kiini unasukumwa na hewa na bahari bila ratiba, kwa hiyo kipindi unachokiona kwenye data kimechafuliwa na misukumo. Njia sahihi ni kusikiliza jinsi kiini kinavyoitikia msukumo ambao ratiba yake tunaijua kwa hakika.

Fikiria bembea. Huhitaji kuiona ikibembea yenyewe ili ujue mwendo wake. Isukume kwa mwendo huu, kisha kwa mwendo ule, uangalie ni upi unaoitika sana. Jua na Mwezi ndio wasukumaji, kila mmoja kwa miendo kadhaa inayojulikana hadi tarakimu nyingi. Mwendo ulio karibu zaidi na ule wa kiini ni nutesheni ya mwaka inayokwenda kinyume, siku 365.26. Hiyo ndiyo inayovimba. Ukikusanya uvimbe wa nutesheni kadhaa na kuona zote zinaelekeza wapi, kipindi cha kiini kinasimama imara kwenye siku 430.

Siku ya 31

Na hapo ndipo hesabu niliyoingoja tangu mwanzo.

Ikiwa mpaka wa kiini na koti ungekuwa na ubapa ule tu ambao Dunia tulivu ya kimiminika ingejipa kwa kuzunguka, ubapa huo ungekuwa karibu 0.00255. Punguza 0.00062 kwa sababu mpaka wenyewe unanyumbuka. Zidisha kwa 1.13, uwiano wa uzito wa kuzungusha wa Dunia nzima kwa ule wa koti. Geuza juu chini: siku 460. Kipimo kinasema 430. Nikarudi kinyume kutoka 430, ubapa ukatoka karibu 0.00267. Tofauti hiyo, zidisha kwa nusukipenyo cha kiini, kilomita 3,480, inakuwa kati ya mita 400 na 500.

Mita mia nne na kitu, kwenye mpaka ulioko kilomita 2,900 chini, mahali ambapo hakuna kifaa kitakachofika. Carl Gwinn, Thomas Herring na Irwin Shapiro walipata jibu la namna hii mwaka 1986, na wao walikadiria takriban mita 490. Sababu yake ni koti lenyewe: si tulivu, mwamba wake moto unapanda na ulio baridi unashuka, na mwendo huo unauvuta mpaka wa kiini nje ya umbo la utulivu. Nimeanza na nyota na kwasa, nimeishia kwenye mwendo wa mwamba.

Hesabu yangu ina pengo na nalijua. Mathews, Herring na Buffett waliporudia kazi hii mwaka 2002 waliona kwamba nutesheni ya mwaka inachelewa kidogo nyuma ya msukumo wake, na kuchelewa ni dalili ya nishati inayopotea. Wakaeleza kwamba uga wa sumaku unalishika koti la chini na kiini pamoja, kama gundi nyepesi. Gundi hiyo nayo inafupisha kipindi, hivyo sehemu ya ubapa inapungua, na mita zangu zinashuka chini ya 400. Nitahitaji kuingiza sehemu ya kuchelewa kwenye programu yangu. Bado sijafanya.

Siku ya 33

Jambo moja limenikaa rohoni. Mwaka 1902 Hisashi Kimura wa Mizusawa aligundua katika vipimo vya vile vituo sita badiliko la kila mwaka ambalo halikutokana na ncha, kwa sababu lilipanda na kushuka kwa pamoja katika vituo vyote. Aliliongeza kwenye mlinganyo kama herufi z, bila maelezo. Mwaka 1970 Yasujiro Wako, wa kituo hicho hicho cha Mizusawa, alionyesha asili yake: jedwali la nutesheni walilotumia lilihesabiwa kwa Dunia ngumu, na sehemu ya nusu mwaka ilikosewa kwa kuwa kiini ni kimiminika. Sauti ya kiini ilikuwa imeandikwa kwenye madaftari yao miaka minne kabla mtaalamu wa matetemeko Richard Oldham hajatangaza, mwaka 1906, kwamba matetemeko yanaonyesha Dunia ina kiini.

Siku ya 37

Nimeongeza data mpya za C04 na kuchora tena ukubwa wa Chandler. Kuanzia miaka ya 2010 mstari unashuka, na kufikia karibu na 2020 umekaribia sifuri, jambo ambalo halijaonekana tena tangu ule usingizi wa miaka ya 1920. Myumbo huu hufifia wenyewe kwa miongo michache usiposukumwa, na wanaousukuma zaidi ni shinikizo la maji kwenye sakafu ya bahari pamoja na hewa. Kwa hiyo sasa nina mfano wa pili wa kulala, safari hii ukiwa umepimwa kwa vyombo bora mara nyingi kuliko vya akina Kimura. Nimetenga faili jipya kwa ajili ya awamu peke yake. Kila wiki nitaongeza mstari, nione utaamka umetazama wapi.